Namna ya kumrekodi mzee wako akikumbuka handaki la utotoni

Watoto waliofichwa mahandakini wakati wa Vita vya Kagera sasa wana wajukuu. Aliyekuwa darasa la pili ndege za Idi Amin zilipoushambulia mji wa Bukoba, Oktoba 1978, leo yuko kwenye umri wa kustaafu. Wanajeshi wa vita vile wameulizwa mengi, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, hukumbukwa kama wanavyostahili. Waliokuwa watoto hawajaulizwa. Wenyewe husema hawana la kusimulia kwa kuwa hawakupigana, kisha ukikaa nao vizuri wanakutajia rangi ya blanketi lililoziba dirisha.

Hapa Tanga tunao. Husemwa mji wetu ni waja leo waondoka leo, lakini walimu, wauguzi, watu wa reli na wafanyabiashara waliotokea Bukoba, Musoma na Mwanza walikuja wakabaki, wakajenga Mabawa, Makorora na Ngamiani. Mimi ni mmoja wao kwa njia nyingine. Baba yangu ni mtu wa Pangani, aliajiriwa reli akapangiwa Mwanza, na vita vikatukuta huko. Sasa nafundisha historia sekondari, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwarekodi watu hawa mmoja mmoja kwa simu ya kawaida. Ninavyofanya ni hivi, na natamani kila nyumba yenye mtu wa namna hii ifanye mapema, maana tunazika kila mwaka.

Nenda kwanza bila kurekodi

Siku ya kwanza usirekodi chochote. Nenda umsalimie, uchukue sukari au mkate wa mofa kama kawaida ya kwenda kwa mkubwa wako, ueleze shida yako waziwazi. Mimi husema: "Shikamoo, mama. Nataka unisimulie mlivyojificha wakati wa vita mkiwa wadogo. Nitaandika, kisha nitarudi kukusomea, na usilolitaka nitalifuta." Wengi hujibu: "Marahaba, mwanangu, lakini mimi nilikuwa mtoto tu. Kamuulize mzee fulani, yeye alikuwa jeshini." Usiende kwa fulani. Mwambie huyo mtoto ndiye unayemtaka.

Siku hiyohiyo kubalianeni kama jina lake litatajwa, sauti itatunzwa na nani, na nani ataruhusiwa kusikiliza. Iandike karatasini mbele yake. Watoto aliowazaa huenda hawajawahi kusikia habari hizi, na si kila mzazi anataka wazisikie mara ya kwanza kwenye simu ya mtu mwingine.

Kijiwe cha kahawa ni kizuri kwa kujua nani alikuwa wapi mwaka 1978, basi. Kwenye kurekodi hakifai. Mmoja akianza, mwingine anamalizia, wa tatu anasahihisha tarehe, na yule mwenye jambo lake la peke yake ananyamaza na kikombe chake. Mfuate nyumbani baada ya alasiri, kazi zikiwa zimepungua na magharibi ingali mbali. Usiku usiende kabisa. Ukimfukulia mtu habari za giza kisha ukamwacha alale nazo, hujamtendea haki.

Simu

Simu yako inatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni isije ikaita katikati, hakikisha ina chaji na nafasi, kunja kanga uilaze juu yake karibu na msimuliaji. Ukiiweka moja kwa moja juu ya meza ya mbao, kila kishindo cha kikombe kitaingia ndani ya sauti. Feni izimwe hata kama joto ni lile la Februari. Kaeni barazani upande wa kivuli. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha. Rekodi nusu dakika, sikiliza, ndipo uanze kwa kutaja tarehe, mahali na jina mlilokubaliana.

Usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp kama rekodi yako ya asili. Sauti hubanwa, na siku simu ikiibiwa au mazungumzo yakifutwa, umepoteza kitu ambacho huenda mwenyewe hatakuwepo kukirudia. Rekodi kwa programu ya simu yenyewe, na siku hiyohiyo nakili faili kwenye kompyuta au flashi.

Anza na ramani

Hili ndilo ninaloliamini kuliko mengine yote, kwa hiyo nitalisema kwa kirefu.

Mtoto hakuwa na vita kichwani mwake. Alikuwa na ua, mwembe, choo cha nje, njia ya kwenda shimoni, na mdogo wake mgongoni. Ukimuuliza "Vita vilikuwaje?" atakupa yale aliyoyasikia ukubwani, redioni na kwenye hotuba, tena kwa maneno ya hotuba. Mpe karatasi na penseli, mwambie: "Nichoree nyumba yenu." Atakuambia hajui kuchora. Mwambie achore tu kiboksi cha nyumba, kisha uulize mlango ulitazama wapi. Jiko liko upande gani? Wazazi walilala chumba kipi? Kutoka mlangoni mpaka kwenye handaki, mlipita mkono gani? Nimeona watu waliosema wamesahau kila kitu wakisimama kutoka kwenye kiti, wakatembea barazani kuonyesha umbali, na mkono mmoja wameunyoosha nyuma kana kwamba wanamvuta mtu.

Kina cha handaki usikiulize kwa futi. Uliza: "Baba akisimama ndani, ukingo ulimfikia wapi?" Atagusa kifua au kidevu. Uliza pia alifikiwa wapi yeye, na alishukaje: aliruka, alibebwa, au kulikuwa na ngazi ya udongo? Uliza kama handaki lilinyooka au lilipinda. Mahandaki yaliyochimbwa kwa kufuata maelekezo ya askari yalipindishwa, kwa sababu bomu likiangukia upande mmoja, vipande vyake husafiri kwa mstari na kona huvizuia. Mtoto hakuelezwa hivyo. Yeye anachokumbuka ni kwamba baada ya kona hakumwona tena mama yake. Bila kuuliza kuhusu kona hutalipata hilo.

Kisha uliza juu. Lilifunikwa au lilikuwa wazi? Kama ni magogo na udongo, nani aliyakata? Kama lilikuwa wazi, walitazama mbingu au waliinamishwa vichwa? Uliza chini pia. Oktoba mpaka Desemba ni mvua, na shimo lililochimbwa mvua zikinyesha hujaa maji. Mama mmoja wa Makorora, aliyekulia karibu na Bukoba, hakuweza kunieleza habari ya ndege hata moja mpaka nilipomuuliza walikalia nini. Akasema: "Gunia la kahawa, lililolowa." Baada ya gunia yakafuata mengine yote: vyura, harufu ya udongo mbichi, shangazi yake aliyekataa kushuka kwa sababu ya vyura hao, na baba yao aliyembeba shangazi akampeleka chini kwa nguvu.

Karatasi hiyo ya ramani uitunze. Andika nyuma yake tarehe na jina, ipige picha. Mzee akitaka kubaki nayo, mwachie, uchukue picha.

Uliza mwili, mikono na vitu

"Uliogopa?" ni swali bovu. Jibu lake ni ndiyo au hapana, na wanaume wa makamo hujibu hapana. Uliza mikono yake ilikuwa wapi, nani alikuwa nyuma yake, nani alimziba masikio. Kama palikuwa na mtoto mchanga, alinyamazishwaje? Mama alishika nini alipotoka mbio: ufunguo, Kurani au Biblia, sufuria, cheti cha kliniki, chungu cha mboga? Akikumbuka kitu alichoshika mama, mwache akieleze mpaka kiishe.

Kuhusu taa, uliza taa yenyewe. Ilikuwa chemli, koroboi au umeme? Nani alikuwa na kazi ya kuizima? Madirisha yalizibwa kwa kitu gani? Kwetu Mwanza, kwenye nyumba za reli, balozi wa nyumba kumi alipita jioni akigonga milango, na mama alitundika blanketi la kijivu la baba la kazini. Ndani ya blanketi lile tulikula bila kuona samaki ana miiba wapi. Hayo ndiyo yangu. Nayasema ili uone ukubwa wa jambo unalolitafuta: ni dogo, lina rangi na harufu, na halimo kwenye kitabu chochote cha historia.

Kuhusu sauti, uliza walijuaje kwamba wakimbie. Penye kiwanja cha ndege au bandari labda palikuwa na king'ora. Kwingine ilikuwa filimbi, kengele ya kanisa, au ile rimu ya gari iliyotundikwa mtini shuleni, iliyogongwa siku zote kwa mapumziko na siku zile ikagongwa kwa namna nyingine. Muulize namna hiyo nyingine ilikuwaje, umwombe aigonge kwa kijiko kwenye kikombe. Kitu hicho huwezi kukiandika. Sauti ndiyo itakayokihifadhi.

Halafu nyamaza. Msimuliaji akikaa kimya, usimsaidie neno wala usiingie na swali jingine. Kimya barazani kinakuwa kirefu kwako kuliko kwake. Karibu kila jambo zito nililowahi kupewa lilikuja baada ya kimya ambacho mtu mwenye haraka angekikata.

Tarehe ziweke pembeni, usizitie mdomoni mwake

Watoto hawakuishi kwa kalenda. Waliishi kwa muhula wa shule, mvua na chakula. Mtu wa Bukoba muulize kama senene walikuwa wameanguka. Senene huko huja kwa wingi Novemba, na anayekumbuka mama akiwakatalia kutoka alfajiri kuokota senene amekupa mwezi bila kujua. Wa Mwanza muulize kama alikuwa amefunga shule au bado, na darasa gani. Kama anausema mkoa kwa jina la Ziwa Magharibi, anazungumza kwa lugha ya wakati ule, maana jina la Kagera lilikuja 1979. Usimrekebishe.

Wewe mwenyewe ukae na tarehe zako kwenye daftari. Majeshi ya Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera mwisho wa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia. Siku iliyofuata daraja la Kyaka lilivunjwa. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev, iliyotumwa kumsaidia Amin, ililenga matangi ya mafuta ya Mwanza ikayakosa, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, ambacho leo ni hifadhi ya taifa, yakaua swala. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili.

Sasa sikiliza jinsi tarehe hizo zinavyofanya kazi. Watu waliokuwa watoto Mwanza karibu wote husema "ndege ya Amin". Usimkatize kumwambia ilikuwa ya Libya. Andika alivyosema, kisha chini, kwa mwandiko wako na alama yako, weka maelezo. Maneno yake yanakuambia watoto waliambiwa nini wakati ule, na hilo nalo ni historia. Mimi swala wa Saanane nilisikia habari zao shuleni kabla sijajua kwamba mabomu yalikuwa ya kutuunguza sisi. Tuliwalilia wale wanyama, kwa kuwa tulishapelekwa kuwatazama.

Kupima alichokiona na alichokisikia baadaye, uliza mahali pa kitu. Kila mtu wa rika letu atakuambia aliisikia hotuba ya Mwalimu redioni. Muulize redio ilikuwa ya nani, ilikaa wapi, nani alikuwa amesimama mlangoni. Akikujibu kwamba ilikuwa ya jirani na walikaa nje ya dirisha lake kwenye mchanga, alikuwepo. Akirudia maneno ya hotuba tu, yawezekana ameyapata baadaye, kwenye marudio ya miaka yote hii. Yote mawili yaandike, ila uyatenganishe.

Hapa kwetu utakutana na jambo jingine. Mzee wa Tanga akisikia unakusanya habari za vita atakupeleka moja kwa moja Novemba 1914, Waingereza na askari wao wa Kihindi waliposhukia Ras Kasone wakarudishwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki wakatoka mizingani wakawashambulia. Hakuna aliye hai aliyeona. Usiikatae hadithi hiyo. Uliza alisimuliwa na nani, walikaa wapi, na msimuliaji yeye alikuwa na umri gani vita vilipotokea. Iandike kama habari ya kupokea, kwenye faili lake, isichanganyike na ya aliyekaa shimoni mwenyewe.

Wawili wakipingana

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi minane. Handaki langu ni refu, lina kona mbili na giza mwisho wake. La kaka ni fupi, la watu sita, bila kona ya pili, na anajua kwa sababu yeye na baba ndio waliolichimba kwa sururu na alitoka malengelenge. Tumelibishania mezani mpaka chakula kimepoa.

Ukikuta hivyo kwenu, warekodi kila mmoja peke yake, siku tofauti, na usimpelekee mmoja maneno ya mwenzake kabla hujamaliza. Kila mmoja achore ramani yake. Usitafute wastani kati ya ramani mbili, wala usichague ya mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Mchimbaji alikumbuka udongo aliouhamisha. Aliyeketi gizani na magoti kifuani alikumbuka urefu wa kungoja. Zitunze zote mbili kwenye bahasha moja.

Linapouma

Waliokuwa kaskazini ya mto waliona mambo ambayo watoto wa Mwanza hatukuyaona. Watu waliuawa, ng'ombe walichukuliwa, nyumba ziliporwa, familia zililala migombani siku nyingi. Ukifika hapo, acha kuuliza. Sikiliza tu. Akilia, usizime simu kwa pupa kana kwamba amefanya aibu, wala usimwambie yamepita. Mpe maji, kaa. Akishatulia muulize yeye: "Tuendelee, mama, au tupumzike?" Akisema zima, zima mbele ya macho yake.

Kuna mambo yatakayosemwa ambayo hayana budi kubaki barazani: jirani aliyeiba, msichana aliyechukuliwa, baba aliyekimbia peke yake. Ukiyasikia na rekodi inaendelea, uliza kama yabaki. Jibu likiwa hapana, kata kipande hicho siku hiyohiyo.

Usiondoke habari ikiwa shimoni. Mtoe kwanza. Muulize siku ya kurudi nyumbani, walikuta nini, nani alipika, shule ilifunguliwaje. Sisi baba aliturudisha Tanga kwa treni, na mpaka leo nikimaliza kumsikiliza mtu wa Mwanza tunaishia kwenye habari za treni: Tabora, Dodoma, Ruvu, Mnyusi, na machungwa ya Muheza dirishani. Msimuliaji anaingia ndani kwake akiwa na ladha hiyo.

Kuandika na kurudisha

Sikiliza na uandike mapema, ukiweka dakika pembeni kila ukurasa. Andika anavyosema. Kihaya chake, Kisukuma chake na Kidigo kilichomwingia huku viache vilivyo, umuulize maana uiweke chini. Saa uziandike kwa Kiswahili: saa nne usiku ni saa nne usiku. Usimpambie sentensi. "Tukakaa. Tukakaa. Tukakaa," alivyosema mama wa Makorora, haihitaji kubadilishwa kuwa "tulikaa kwa muda mrefu".

Rudi ukamsomee yote kwa sauti. Atafuta kidogo na kuongeza zaidi, na nyongeza za siku hiyo mara nyingi ndizo bora, kwa hiyo nenda na simu. Kisha chapisha steshenari, herufi kubwa, bandika picha ya ramani ukurasa wa kwanza. Nakala ya kwanza ni yake. Ya pili mpe mtoto wake yule anayetunza hati za nyumba, ya tatu baki nayo pamoja na flashi.

Kabla hujaaga, shika tena ile ramani, muulize waliokaa nao handakini mle, mmoja mmoja kwa nafasi aliyoketi, wako wapi sasa. Wengine wamekwenda mbele ya haki. Andika majina yao. Lakini pengine yupo mmoja Korogwe, au Chumbageni hapo nyuma ya reli, ambaye hawajaonana tangu miaka ile. Omba namba yake, umpigie mkiwa bado mmekaa wote wawili.